Naogopa damu ya kitovu haitatosha kumtibu kaka yake

Shikamoo Mama Mkunga,

Nina miaka 34. Hii ni mimba yangu ya tatu na imefika wiki ya 31. Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka saba na anaumwa selimundu. Wewe ni mkunga, sina haja ya kukueleza maisha hayo: maumivu ya mifupa yanayoanza usiku wa manane, kulazwa, kuongezewa damu, na shule anayohudhuria wiki hii akaikosa wiki inayofuata. Wa pili ni binti, mzima kabisa, lakini alipopimwa ilionekana aina ya tishu zake hailingani na ya kaka yake, kwa hiyo hawezi kumchangia uboho.

Mimba hii ilipoingia, daktari wa damu anayemtibu mwanangu alituambia tujipange mapema kukusanya damu ya kitovu siku nitakayojifungua. Alisema damu hiyo ina seli shina zinazotengeneza damu, na kama mtoto huyu atalingana na kaka yake, seli hizo zinaweza kutumika kumpandikiza. Tulilia kwa furaha, mimi na mume wangu.

Furaha hiyo sasa imegeuka wasiwasi. Tangu wiki ya 27 presha yangu imepanda na nimeanzishiwa dawa. Kipimo cha picha kimeonyesha mtoto ni mdogo kidogo kwa umri wake. Wifi yangu, ambaye anasoma sana mambo ya afya, ananiambia mimba ya tatu huwa na seli chache, mtoto mdogo huwa na seli chache, na presha inazipunguza zaidi. Mwingine ameniambia niombe upasuaji kwa sababu damu hupatikana nyingi, mwingine anasema uchungu mrefu ndio unaoongeza seli. Nimefika mahali pa kujiuliza kama dawa za presha zinaziharibu na kama niziache.

Kliniki ninayohudhuria huwa wanasubiri kabla ya kubana na kukata kitovu, ili damu imwingie mtoto. Mume wangu anataka tuwaambie wabane papo hapo, damu yote iende kwa mkubwa. Namwelewa, kwani ndiye anayembeba kijana mgongoni akizidiwa. Lakini mimi naona kama naambiwa nimnyang'anye mmoja nimpe mwingine, na sijui nimjibu nini.

Juu ya hayo yote, kampuni moja ya kuhifadhi damu za vitovu inanipigia simu ikitaka niweke na kipande cha kitovu chenyewe, eti ni bima ya maisha ya mtoto.

Nifanye nini ili seli ziwe nyingi? Na zikiwa chache, je, ni mimi nitakuwa nimemkosesha mwanangu tiba?

Mama Mwenye Wasiwasi

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza huku umebeba mimba.

Naanza na jambo ambalo barua yako imelipita pembeni, kwa sababu ukilishika, mengine yote yatakaa mahali pake. Mchangiaji ni mtoto mwenyewe. Mfuko wa damu ya kitovu ni njia moja tu ya kuzipata seli zake. Kama tishu zake zinalingana na za kaka yake, zitalingana siku ya kuzaliwa, zitalingana akiwa na miaka mitatu, na zitalingana akiwa mtu mzima. Damu ya kitovu ni njia nzuri kwa sababu haimuumizi mtu yeyote na hupatikana mara moja. Ikipungua, ikiingia vijidudu, au isipopatikana kabisa, kijana wako anaweza kuchangiwa uboho na mdogo wake huyohuyo akishakua kidogo, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili, kulingana na uzito wake. Uboho hutolewa kwenye mfupa wa nyonga, mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Vilevile kuna vituo vinavyounganisha vyote viwili: damu ya kitovu iliyohifadhiwa, hata kama ni chache, pamoja na uboho wa mtoto yuleyule.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Seli zikiwa chache hutakuwa umemkosesha mwanao tiba.

Tena tiba yenyewe ina rekodi ya kutia moyo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,000 wa selimundu kutoka nchi mbalimbali, waliopandikizwa seli za ndugu wa damu anayelingana nao kikamilifu. Baada ya miaka mitano, takriban 93 kati ya kila 100 walikuwa hai, na takriban 91 walikuwa hai bila upandikizaji wao kushindikana. Wengi walipewa uboho, wengine damu ya kitovu. Na upandikizaji wa kwanza kabisa wa damu ya kitovu duniani, uliofanywa na Profesa Eliane Gluckman na wenzake huko Paris mwaka 1988, ulikuwa wa ndugu kwa ndugu kama unavyotamani wewe: mvulana mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaofanya uboho ushindwe kutengeneza damu, alipewa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Alipona, akakua akawa mtu mzima.

Sasa tuje kwa wifi yako. Amesoma vizuri, simlaumu. Shida ni kwamba amekupa nusu ya habari, na ni ile nusu inayotisha.

Mtoto akiwa tumboni, damu yake haitengenezwi mahali pamoja muda wote. Mwanzoni hutengenezwa kwenye kifuko cha kiini, kisha ini linaichukua kazi hiyo, na miezi ya mwisho kazi inahamia kwenye uboho wa mifupa. Seli shina zinazohama husafiri ndani ya damu, na ndiyo maana damu ya kitovu ina nyingi kuliko damu inayozunguka mwilini mwangu au mwako. Hata hivyo ni sehemu ndogo mno ya chembe zote zilizomo, chini ya moja kwa mia. Maabara huzitambua kwa alama iliyo juu yake iitwayo CD34. Utaisikia herufi hiyo mara nyingi, izoee.

Kutokana na safari hiyo, umri wa mimba una athari mbili zinazovutana. Mimba ikiwa changa, kila mililita ya damu huwa na seli shina nyingi zaidi, lakini damu yenyewe ni kidogo. Mimba ikikomaa, damu huongezeka na chembe nyeupe kwa jumla huongezeka, ila msongamano wa seli shina hushuka. Usijaribu kupiga hesabu ya wiki ipi ingekufaa kwa ajili ya mfuko. Siku yako ya kujifungua itaamuliwa na presha yako na hali ya mtoto. Ikigeuka kuwa presha yenye dalili za kifafa cha mimba, kwa kawaida madaktari hawapitishi wiki ya 37, na ikiwa kali hawasubiri hata hapo. Wakikwambia muda umefika, usiwaombe wiki moja ya ziada ili mtoto anenepe na kitovu kijae.

Ukubwa wa mtoto ndio wenye nguvu kuliko karibu kila kitu kingine. Mtoto mkubwa ana kondo la nyuma kubwa, damu nyingi, seli nyingi. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2001 ulikuta kwamba kila nyongeza ya gramu 500 za uzito wa mtoto iliendana na ongezeko la takriban asilimia 28 ya seli za CD34. Utafiti huohuo ndio uliokuta kwamba kila uzazi uliotangulia uliendana na upungufu wa asilimia 17 hivi, na nadhani wifi yako alifika hapo. Lakini huo ni wastani wa watu wengi. Ukichukua mifuko miwili ya wanawake wenye mimba ya tatu, wenye watoto wa uzito mmoja, unaweza kukuta mmoja una seli mara mbili ya mwenzake. Umri wako wa miaka 34 athari yake ni ndogo, uondoe kwenye orodha ya mambo ya kukukosesha usingizi.

Presha ni kweli. Inapofikia hatua ya dalili za kifafa cha mimba, mishipa inayolisha kondo la nyuma huwa haikufunguka ipasavyo tangu mwanzo, damu inapita kwa shida, mtoto anakuwa mdogo, na kinachokusanywa mara nyingi hupungua, damu na seli pia. Chanzo cha upungufu huo kiko kwenye kondo la nyuma, wala si kwenye vidonge vyako. Usiache dawa hata siku moja. Nakusihi kama mama. Presha isiyodhibitiwa inaweza kukuletea degedege, kupasuka mshipa kichwani, au kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati, na hapo hakuna atakayekumbuka mfuko wa damu. Ukiumwa kichwa kisichotulia, ukiona maruweruwe, ukiumwa tumbo chini ya mbavu za kulia, uso na mikono ikivimba ghafla, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.



Kuhusu upasuaji na uchungu mrefu, waliokushauri wote wawili wana kipande cha ukweli, na wote wawili wamekosea kukifanya ushauri. Kwenye upasuaji baadhi ya tafiti zimepata damu nyingi zaidi kwa ujazo. Kwenye uchungu, hasa ukiwa mrefu na mtoto akiwa amechoka, chembe nyeupe hupanda kwa sababu mwili wa mtoto uko kwenye hali ya hatari. Sehemu kubwa ya chembe hizo ni askari wa kawaida wa kupambana na maradhi, kwa hiyo hesabu ya jumla inaweza kupendeza kwenye karatasi bila seli shina kuongezeka kwa kiwango hicho. Hata kwa mtoto aliyekosa hewa ya kutosha tumboni, chembe changa nyekundu zenye kiini huwa nyingi, na mashine inaweza kuzihesabu pamoja na nyeupe. Ndiyo sababu nakwambia: majibu yakitoka, usiridhike na jumla ya chembe peke yake, uliza na CD34 ni ngapi. Lakini hakuna mkunga mwenye akili timamu atakayekuacha uteseke na uchungu ili chembe zipande, wala daktari hapaswi kukupasua kwa sababu ya mfuko. Upasuaji ufanyike ukihitajika kwa ajili yako au ya mtoto.

Tufike kwa mume wako sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hili si jepesi kama wengi wanavyolifanya.

Mtoto akizaliwa mimba ikiwa imetimia, karibu theluthi moja ya damu yake bado iko upande wa kondo la nyuma. Ni damu yake. Kitovu kisipobanwa, takriban mililita 80 humwingia ndani ya dakika ya kwanza, na hufika kama 100 kwa dakika ya tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri dakika moja hadi tatu. Damu hiyo humpa mtoto akiba ya madini ya chuma kwa miezi kadhaa ya mwanzo, na kwa mtoto njiti kusubiri kunapunguza hata vifo. Ukisubiri, kinachobaki cha kukusanya kinapungua. Hilo mume wako yuko sahihi. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kinasema muda wa kubana kitovu usibadilishwe kwa ajili ya kukusanya damu, ila kimeacha nafasi kwa kesi chache ambapo damu inakusanywa kwa ajili ya ndugu mgonjwa. Ninyi mko kwenye hizo chache. Kwa hiyo mume wako hakuomba jambo la kikatili, na wala usimwone hivyo.

Lakini mtoto wenu huyu ni mdogo kwa umri wake, na huenda akazaliwa kabla ya wiki ya 40. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayeihitaji damu yake zaidi. Ningekuwa mimi mkunga wako, ningewaomba msubiri walau sekunde 30 hadi 60, kisha mkusanye kitakachobaki. Akizaliwa njiti, ningesubiri dakika nzima bila mjadala, ilimradi anapumua. Akihitaji kusaidiwa kupumua, wahudumu wataamua wenyewe. Na mwambie mume wako hesabu hii, kwa sababu naona ni mtu wa kuelewa hesabu.

Kipimo cha kutosha hutegemea uzito wa anayepokea. Madaktari wengi hutaka chembe zenye kiini zisipungue milioni 25 hadi 30 kwa kila kilo. Tuseme kijana wenu ana kilo 22: anahitaji kati ya milioni 550 na 660. Damu ya kitovu huwa na chembe takriban milioni 10 kwa mililita. Mkipata mililita 80 mna milioni 800, mmevuka hata baada ya nyingine kupotea kwenye usafishaji. Mkipata 40 mna milioni 400, hazifiki. Sasa muulize: hizo 40, je, ni bure? Hapana. Zinahifadhiwa, na baadaye uboho wa mtoto huyuhuyu unajazia. Anayengoja ni kaka, na kungoja huko kuna njia ya kuziba pengo lake. Mchanga mwenye upungufu wa damu wiki zake za kwanza hana wa kumsubirisha.

Kuna jambo jingine la hesabu ambalo lazima mlijue kabla ya siku hiyo, hata kama linauma. Ninyi wawili mmebeba kinasaba cha selimundu. Kila mimba yenu ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na mtoto mwenye ugonjwa, na nafasi moja kati ya nne ya mtoto kulingana tishu na kaka yake. Mambo hayo mawili yako kwenye kromosomu tofauti, hayategemeani. Mtoto asiye na ugonjwa na anayelingana ni nafasi tatu kati ya 16. Daktari wenu bila shaka alilisema, ila najua masikio husikia nini siku ya habari njema. Sikwambii hili kukuvunja moyo. Nakwambia ili usimtazame mtoto anayekuja kwa jicho la dawa. Kukusanya bado kunafaa, na taasisi za madaktari zinazokataa watu kuweka damu ya kitovu kama bima huwa zinaitoa familia kama yenu kwenye katazo hilo.

Uliuliza ufanye nini seli ziwe nyingi. Hakuna chakula, kidonge wala zoezi linaloziongeza. Kama kuna anayevuta sigara nyumbani, asivute karibu nawe, maana moshi hupunguza uzito wa mtoto. Basi. Kilicho mikononi mwenu ni namna damu itakavyokusanywa, na hapo ndipo mifuko mingi mizuri huharibikia.

Kwanza, mkusanyaji asiwe yule anayekuhudumia wewe. Mkunga wako anatakiwa kutazama damu inayokutoka na kondo la nyuma, na kwako mwenye presha kazi hiyo ni nzito maradufu. Ombeni mtu wa pili, aliyefunzwa, na jina lake liandikwe kwenye faili lako sasa hivi. Pili, ombeni ianze kuchukuliwa kondo la nyuma likiwa bado ndani, pale hali inaporuhusu, kwa sababu mji wa mimba ukijibana husukuma damu nje na haijaanza kuganda. Kitovu kina mishipa mitatu, ateri mbili nyembamba na veni moja nene. Sindano huingia kwenye veni, karibu na mahali kilipobanwa, baada ya ngozi yake kusuguliwa vizuri kwa dawa ya kuua vijidudu. Mfuko hushushwa chini ya kitanda ili damu iteremke yenyewe, na mtu anautikisa polepole muda wote ichanganyike na dawa ya kuzuia kuganda. Nimeona mifuko iliyojaa ikatupwa kwa mabonge ya damu, kwa sababu tu hakuna aliyeutikisa. Wakimaliza, na kondo la nyuma likatoka, kinachobaki kinaweza kukamuliwa likiwa limening'inizwa.

Mfuko usiwekwe kwenye friza. Unasafirishwa kwenye sanduku lake kwa joto ambalo maabara imeelekeza, na unatakiwa uanze kushughulikiwa ndani ya saa 48 hivi, mapema zaidi ni bora. Ulizeni leo: mkijifungua usiku wa kuamkia sikukuu, nani anaupokea? Huko maabara huongezewa dawa ya kulinda seli na kugandishwa taratibu, kisha huingizwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa hali hiyo seli zimekutwa hai na zenye nguvu baada ya zaidi ya miaka 20.

Chupa ikipasuka mapema, au ukipata homa wakati wa uchungu, waambie kabla hawajakusanya. Maambukizi yanaweza kuufanya mfuko usitumike, na ni bora kujua mapema.

Kampuni inayokupigia simu, iambie isubiri. Kwenye kipande cha kitovu kuna ute mzito uitwao ute wa Wharton, na ndani yake kuna seli za aina nyingine kabisa. Hazitengenezi damu na haziwezi kuponya selimundu; matibabu yake mengi bado yako kwenye majaribio. Na bima wanayoisema kwa mtoto mwenyewe ina tobo: akizaliwa na ugonjwa wa kinasaba, seli zake za kitovu zina kinasaba hichohicho. Damu yenu ihifadhiwe pale ambapo daktari wa damu atakubali kuipokea siku ya kupandikiza, na mumuulize yeye kabla hamjasaini popote.

Mkubwa aendelee na dawa zake zote huko mnakongoja, ikiwemo haidroksiurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, kama ameandikiwa. Ikiwa mdogo wake hatalingana naye, bado kuna vituo vinavyopandikiza seli za mzazi anayelingana nusu, kwa hiyo wewe na baba yake msijiondoe kwenye orodha ya watu wa kupimwa.

Wiki hii omba kikao kimoja chenye daktari wa uzazi, daktari wa damu na mume wako mezani. Mtoke na karatasi moja yenye mambo manne: sekunde za kusubiri kabla ya kubana, jina la mkusanyaji, nani anapeleka mfuko, na nani ana mamlaka ya kusema "acheni kukusanya" hali yako ikibadilika. Hilo la mwisho liandikwe waziwazi, na mume wako alisome kwa sauti mbele yao. Siku ya kujifungua, sampuli ndogo ya damu ya kitovu ichukuliwe kwa vipimo viwili, cha selimundu na cha aina ya tishu. Majibu ya tishu huchukua muda zaidi, msikae mkisubiri simu kila saa. Yakitoka niandikie, yawe vyovyote yatakavyokuwa, tuone hatua inayofuata.